Mwalimu wa Upinde na Sisi Wawili

Mwalimu alikuwa na miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na alipotaka kukuambia kwamba umekosea, alianza kwa kuivua. Ukiona miwani imetoka, moyo unakushuka. Alikutazama kwa macho yake madogo yaliyochoka, akalitaja kosa kwa maneno matatu au manne, akairudisha miwani usoni na kwenda kwa mwingine. Hakurudia. Kama hukusikia, ulikaa na kosa lako mpaka siku ya pili.

Sisemi alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani, kwa sababu hakuniambia na mimi sikumuuliza. Nilimjua kama Mwalimu tu, na ndivyo alivyoitwa na wote waliopita mikononi mwake katika miaka ile ya serikali ya kijeshi. Asubuhi alifundisha upishi na ushonaji katika shule ya wasichana huko Mengo. Jioni, mara tatu kwa wiki, alifundisha upinde katika kiwanja cha nyuma ya mabweni, si mbali na ukuta wa Lubiri, ambako siku hizo waliokaa ni askari, si mfalme.

Tulikuwa na pinde nne za mbao zilizoachwa na mwalimu mmoja Mwingereza alipofungasha na kurudi kwao. Mishale ilivunjika, na hapakuwa na duka la kununua mingine. Mjini hata sabuni na sukari zilikuwa za kutafutwa. Mwalimu alichonga mishale mwenyewe na kuibandika manyoya ya kaloli, wale korongo wakubwa wenye vipara wanaozungukazunguka kwenye majalala ya Kampala. Jumamosi alikwenda kuyaokota akiwa amevaa gomesi yake safi iliyopigwa pasi, na watu waliomfahamu kanisani walijifanya hawakumwona.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya uzi. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa Kawempe, nasi ni katika zile familia za Waislamu ambazo babu zao walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakabaki. Mwalimu aliingia dukani akitaka uzi mzito uliopakwa nta. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nimekaa nyuma ya kaunta bila kujua ninangoja nini.

"Wa kushonea viatu?" nilimuuliza.

"Wa upinde. Kamba imekatika."

"Upinde wa nini, Mama?"

"Njoo uone."

Nilidhani baba atakataa. Badala yake alisema kwamba kurusha mishale ni jambo ambalo Mtume mwenyewe alilihimiza, na kama mwanamke wa Kiprotestanti ndiye anayelijua, basi Mungu amlipe kheri. Nikaenda. Nikarudi tena. Baada ya mwezi nilikuwa na sugu kwenye vidole vitatu, na sikuwa ninangoja tena.

Kasoro yangu ilikuwa haraka. Nilivuta vizuri, lakini jicho likishaiona ile duara ya njano ya katikati, vidole viliachia vyenyewe kabla sijatulia. Mshale ulikwenda kushoto, mara kwenye rangi nyeusi, mara majanini kabisa. Mwalimu alivua miwani.

"Unaogopa kukosa," alisema. "Ndiyo maana unaachia."

Akaibandua karatasi ya shabaha, akaniweka hatua nne kutoka kwenye robota la nyasi, akaniamuru nifumbe macho. Kwa wiki tatu sikulenga kitu. Nilivuta, nikauleta mkono chini ya kidevu, nikapumua, nikaachia, nikasikia mshale ukizama nyasini. Nilichoka. Nilitaka kuona nimepata.

"Nitapewa karatasi lini, Mwalimu?"

"Siku utasahau kuuliza."

Aliponirudishia karatasi, alikuja na sharti jingine: kila nikiachia mshale, nigeuze uso nimtazame yeye, nimwambie mshale umepiga wapi, ndipo niangalie. Mwanzoni nilibahatisha. Baadaye niligundua kwamba mkono unajua kabla ya jicho. Siku niliyotaja mishale sita mfululizo bila kukosea hata mmoja, alinipa andazi lake lote, yeye akanywa chai tupu. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupata kwake, na nilikwenda nayo nyumbani nikitembea kama bibi harusi.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alituhubiria subira kutwa, lakini hakuweza kungoja chai ipoe. Aliungua ulimi kila siku na kila siku alishangaa. Alichukia bunduki kiasi cha kuziba masikio zikilia, lakini tukipita langoni mwa kambi alipunguza mwendo ili amtazame askari wa zamu. "Ona miguu yake," alininong'oneza. "Imesimama vizuli. Bunduki yake sitaki. Miguu nataka." Na yeye mwenyewe alikuwa mpigaji hafifu. Alisema bila haya: "Makosa ya watu nayaona yote. Yangu siyaoni hata moja."

Alitufundisha kwa Kiswahili, ingawa Waganda wengi wa rika lake walikiona ni lugha ya askari na hawakutaka hata kukigusa. Alikuwa na sababu. "Askari akipita akisikia Luganda, atafikili tunamsema. Akisikia Kiswahili, atafikili sisi watu wake." Kiswahili chake kilikuwa kimepinda, l na r zikibadilishana viti, na alinitaka nimsahihishe. Kwa hiyo tukapeana: yeye alininyoosha mkono, mimi nilimnyoosha ulimi. Wengine walikuja na kuacha, makarani wawili, mpiga chapa mmoja, mke wa mchungaji. Kwa mwaka na zaidi, aliyedumu ni mimi. Nilianza kumwona kama mali yangu.

Ndipo akaja Nakato.

Alikuwa anasomea uuguzi, mrefu, mkono wake mwepesi, na alikuwa na tabia ambayo sikuweza kuivumilia: akikosa, alicheka. Si kicheko cha kujificha. Alicheka kwa sababu mshale ulimwendea juu ya ukuta wa jikoni na ilimbidi akauombe kwa mpishi wa shule. Mimi nikikosa, sikula vizuri usiku huo. Katika miezi minne Nakato alinifikia. Katika mwezi wa tano aliniacha.

Nitasema yalivyokuwa. Nilihesabu. Nilihesabu mara ngapi miwani ilitoka kwa ajili yake na mara ngapi kwa ajili yangu. Kwake ilitoka mara tano kwa jioni moja, kwangu mara moja, na nilijua maana yake: mimi nimeshasahihishwa, yeye ndiye anayetazamwa. Nikaanza kuharibu makusudi. Niliinua bega, nikasogeza mguu, nikaachia mapema, ili tu Mwalimu aje asimame mbele yangu avue miwani. Alikuja mara mbili. Mara ya tatu alisema kutoka mbali, bila kuigusa miwani, "Zuhula, acha mchezo."

Na alizungumza naye Luganda. Wakimaliza, wakati mimi ninakusanya mishale, wao walikaa kwenye ngazi za bweni na Mwalimu alisema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye jikoni kwake. Mimi Luganda nimeizungumza tangu utotoni. Nilisikia kila neno, na hapakuwa na siri yoyote, walizungumzia ndizi na kwaya. Lakini sauti ile hakuwahi kunipa. Mimi nilipewa amri, vuta, ngoja, achia, na nilikuwa nimeridhika nazo mpaka nilipoona kwamba kuna kingine cha kupewa.

Jioni moja nilimwona Mwalimu akimtilia Nakato bahasha mfukoni. Wiki mbili baadaye nikaona nyingine. Nililala na bahasha hizo kichwani kama mtu aliyeibiwa. Hatimaye ni Nakato mwenyewe aliyeniambia, tukirudi kwa miguu kuelekea stendi. Alinishika mkono.

"Dada Zuhura, nakwambia wewe peke yako. Kaka yangu yuko Nairobi. Walimtafuta, akakimbia. Anaandika kwa anuani ya shule, kwa jina la Mwalimu."

"Usimwambie mtu mwingine," nilimjibu, na nilikuwa nasema kweli. Nilimshauri kama dada. Kisha nikapanda basi nikiwaza kwamba Mwalimu amehatarisha shingo yake kwa ajili ya huyu, na kwa ajili yangu amehatarisha andazi.

Kapteni mmoja aliyesimamia michezo ya wanajeshi, aliyekuwa na nyumba Mbuya, alisikia habari zetu. Alikuja Jumatano na gari lake la wazi, askari wawili nyuma, akasimama katikati ya kiwanja akitazama pinde.

"Hii mama nafundisha watu vita?"

"Hapana, Afande," Mwalimu alijibu. "Nafundisha kusimama."

Kapteni alicheka sana. Akapiga mishale mitatu, yote ikaenda majanini, akacheka zaidi. Akasema Nairobi kuna mashindano, na yeye anaweza kutoa ruhusa ya kusafiri kwa Mwalimu na mwanafunzi mmoja. "Nani nashinda, huyo nakwenda. Mimi narudi Jumamosi."

Ninyi hamwezi kujua ruhusa ya kutoka ilikuwa kitu gani siku hizo. Kwangu ilikuwa zaidi ya Nairobi. Ilikuwa safari ya siku nzima kwenye gari moshi, kiti kwa kiti na Mwalimu.

Jumamosi tulipiga mishale kumi na miwili kila mmoja, tukipokezana. Nilisimama kama nilivyofundishwa. Mishale yangu minane ya kwanza ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kupiga. Nilijua kila mmoja umekwenda wapi kabla haujafika. Nakato alikuwa nyuma yangu kidogo kwa alama. Kabla ya mshale wa tisa niliinua macho nimtafute Mwalimu, na nikaona anamtazama Nakato. Nakato alikuwa amesimama tu, hana zamu, anajikuna shingo, na Mwalimu anamtazama. Nikavuta na vidole vikaachia vyenyewe. Wa kumi vilevile. Yaliyobaki hayana haja ya kusimuliwa. Alinishinda, na hakucheka. Alikuja kunikumbatia, nami nikasimama kama mti.

Kapteni alifurahi. "Huyu mutoto muzuri. Jina?"

"Nakato, Afande."

"Iko na watu yako inje? Ndugu, kaka? Mimi hapana taka mutu aende asirudi."

"Hapana, Afande."

Hapo ndipo niliposema. Sikuulizwa. Nilikuwa nimeshika upinde, hatua tatu kutoka kwao, na nilisema kwa Kiswahili fasaha, Kiswahili cha nyumbani kwetu nilichojivunia: "Ana kaka yake Nairobi, Afande. Huwa anamwandikia barua."

Nimejaribu kwa miaka mingi kukumbuka kama nilijua nilichokuwa nikikifanya. Nilijua. Kila mtu Kampala alijua. Kwa neno dogo kuliko hilo watu walikuwa wameondoka na hawakurudi. Nilijua, na kwa muda wa pumzi moja nilihisi utamu.

Mwalimu ndiye aliyesogea. Alijiweka kati ya Nakato na Kapteni, akasema bila haraka, kama anayesoma orodha ya vitu vya upishi, "Ire barua ni zangu, Afande. Anuani ni yangu. Jina kwenye bahasha ni langu. Nenda posta uulize. Huyo kijana ni wangu wa kanisani. Hawa watoto hawajui kitu."

"Wewe naandika barua na watu ya kukimbia?"

"Mimi."

Kapteni hakucheka tena. Alifanya ishara kwa askari. Mwalimu alivua miwani, nami, kwa mazoea tu, nikasimama wima nikingoja aniambie kosa langu. Alinipa miwani mkononi. "Shika," alisema. "Huko itavunjika."

Gari lilipoondoka, mke wa mlinzi wa shule alimchukua Nakato akamvisha gomesi yake na kitambaa kichwani. Kabla jua halijazama alikuwa juu ya lori la matoke kuelekea mpakani. Hakunitazama alipokuwa akipita. Nadhani hakutazama kitu chochote.

Siku tisa miwani ile ilikaa kwangu. Niliiweka chini ya mto, nikaitoa, nikaifuta, nikairudisha. Sikumwambia baba. Nilikwenda kiwanjani kila siku ya mazoezi, nikakaa kwenye ngazi. Na hapa lazima niseme jambo baya kuliko lile la kwanza: hata katika siku hizo tisa, huku nikilia na kuomba, kulikuwa na sehemu yangu iliyokuwa ikisema, ameingia kwenye gari lile kwa ajili ya Nakato. Kwa ajili yangu asingeingia. Niliuonea wivu hata mkosi ule.

Siku ya kumi alirudi kwa miguu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa, na ulipofunguliwa wiki zilizofuata, vidole viwili havikukunjika tena. Hakusema walimpeleka wapi. Nilimpelekea miwani nyumbani kwake, nikampa kwa mikono miwili, nikiwa nimepiga magoti kama wafanyavyo mabinti wa Kiganda.

"Umeifuta?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Vizuli. Jumatano tunaanza."

Nikaanza Jumatano. Tulikuwa wawili tu kiwanjani, yeye na mimi, kama nilivyotaka. Alinifundisha kwa miaka mingine miwili, na sijui alifanyaje, kwa sababu alinifundisha kwa moyo wote. Alisimama nyuma yangu kila mshale. Haraka yangu ilikwisha. Nadhani nilikuwa nimeshakosa kosa kubwa kiasi kwamba mshale wa kwenda kushoto haukunitisha tena. Nilipiga ile duara ya njano mara sita kwa sita, kisha tena siku iliyofuata, na hapakuwa na mtu wa kuonyesha. Hakuna aliyetupeleka Nairobi wala popote. Mwalimu hakuligusa jambo lile hata kwa nusu neno. Mara nyingine nilimwona akijaribu kuvua miwani kwa mkono wa kulia, vidole vikikataa, akaivua kwa kushoto, na kosa alilonitajia lilikuwa la bega au la mguu.

Vita vilivyoiondoa serikali ile vilipokuja, shule ilifungwa na pinde zikaibwa. Niliolewa, nikahamia Jinja. Nikazaa, nikazeeka kidogo, nikafiwa na mume. Nilimtumia Mwalimu salamu kila Idi na kila Krismasi, sikuenda.

Niliporudi kumwona alikuwa anakaa kwa mpwa wake, Mengo hiyohiyo, kwenye chumba chenye dirisha la kuangalia barabara. Ilikuwa saa nne asubuhi. Alikuwa kitini, amefunikwa shuka, amekuwa mdogo kama mtoto, na mpwa wake akamwambia kwa sauti kubwa kwamba mgeni amekuja. "Simsikii, lakini namuona," alisema Mwalimu. "Huyu Zuhula. Amenenepa."

Nilikaa karibu na sikio lake. Sikuweza kunywa hata chai. Nikasema yote, mwanzo mpaka mwisho, kuanzia kuhesabu mpaka siku ya Kapteni. Nililazimika kusema kwa sauti kubwa kwa sababu ya masikio yake, kwa hiyo mpwa wake alisikia, na jirani aliyekuwa akianika nguo nje alisikia pia. Mwalimu alinisikiliza bila kunikatiza.

"Nilikuwepo," alisema nilipomaliza. "Unanisimulia kama mimi sikuwepo."

"Kwa nini hukunifukuza?"

"Kwa sababu na mimi nilikosa. Niliona wivu wako mapema sana, mwezi wa kwanza. Nikafikili, wacha uwepo, utamfanya avute vizuli. Nikauchochea. Kukaa na Nakato kwenye ngazi, ukiona. Kidogo makusudi." Alitikisa kichwa. "Moto si wa kufundishia. Niliona umepata kazi kwenye mkono wako, sikuona ulikokuwa unakwenda. Kwenye gari ya Kapteni nilikuwa nakwenda na kosa langu, si lako peke yako."

Nilimwambia si kweli, kosa ni langu. Akasema nisimfundishe yeye makosa. Tulibishana hivyo kidogo, wanawake wawili wazee, na mpwa wake akatoka chumbani akifuta macho.

Kisha swali likanitoka. Sikulipanga. "Mwalimu, ulikuwa unampenda kuliko mimi?"

Alifikiri. Nilimwona akifikiri kweli, hakutafuta neno la kuniridhisha.

"Ndiyo," alisema.

Niliumia. Nilikuwa na wajukuu wanne na nywele nyeupe chini ya ushungi wangu, na niliumia mahali palepale, kama jana.

Mwalimu alinyoosha mkono wake wa kushoto kwenye meza ndogo, akanipa barua. Stempu ilikuwa ya Kenya. Mpwa, alisema, husoma haraka mno na kuruka maneno, na yeye mwenyewe herufi hazioni tena. Niliifungua. Iliandikwa kwa Luganda, mwandiko mzuri wa mlalo. Nakato alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, binti yake anaolewa Desemba, na alimwita Mwalimu "mama yangu" mara saba. Niliisoma polepole, kwa sauti kubwa, sikuruka neno. Nilipokuwa nikisoma nilikuwa nikitafuta jina langu. Halikuwemo.

Nikaikunja. Mwalimu alikuwa amefumba macho, uso umetulia.

"Soma tena," alisema.

Nikaifungua, nikasoma tena.